Asubuhi Sura, Mchana Vijiko

Dada yangu hajui kubembeleza, na mimi si mwepesi wa kusamehe, kwa hiyo anayetaka habari za upole aende nyumba ya pili. Mimi nina hasira. Nimekuwa nayo tangu mwezi wa tatu na bado haijapoa. Nimewakasirikia watu watatu, na mmoja wao ni mimi mwenyewe, lakini huyo nitamfikia.

Kwanza mumjue dada. Alifundisha hesabu sekondari miaka kumi na mmoja, katika darasa lenye madirisha yasiyofungika na wanafunzi sitini na wawili. Walimwita Sifuri, kwa kuwa ndizo alizowagawia. Mtoto akipata jibu sahihi bila kuonyesha njia, anakula sifuri. Mzazi akija kulalamika, anafunguliwa daftari, anaonyeshwa mahali njia ilipokatika, na akizidi kulalamika anapewa chaki aionyeshe njia yeye. Kuna mzazi mmoja mwenye cheo chake alitoka mle ofisini shati limelowa. Ukimwambia dada utafika baada ya dakika tano, atakuuliza kama ni tano za kweli au ni tano za watu. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema huyu mtoto hakumzaa, alimhesabu.

Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea: mageti, nondo za madirisha, vitanda, makabati ya chuma. Nilipopoteza macho watu walisema ni ule moto, fundi alikuwa mzembe, havai miwani. Uongo mtupu. Miwani nilivaa kila siku ya Mungu. Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa usiobisha hodi. Unaanza kukula pembeni, unajigonga mlangoni unacheka, na ukija kushtuka mshipa wa jicho umeshakufa. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Mke wangu alivumilia mwaka mmoja na nusu, kisha akaenda kwao kusalimia, na mpaka leo anasalimia. Nikahamia kwa dada, kwenye vyumba vyake viwili na veranda ya saruji ambayo nyayo zangu zinaijua ufa kwa ufa.

Giza mtu unalizoea. Nisichokizoea ni kutokujua kama mbele yangu kuna mtu. Watu wanaonyamaza wananitia wazimu. Siku moja niliingia ofisi moja kufuatilia kitambulisho, nikaambiwa nenda mbele, nikaenda mbele, nikasimama kwa adabu. "Shikamoo mzee," nikasema, na nikaeleza shida yangu yote, tangu mwanzo, na barua yangu nimeinyoosha kwa mikono miwili. Nilikuwa naliambia kabati. Kabati la chuma lililotundikwa koti, aina ileile niliyokuwa naunda mwenyewe. Makarani wawili walikuwa nyuma yangu wamenisikiliza mpaka mwisho, kicheko wamekibana kifuani. Nilipoligusa lile bati baridi ndipo wakapasuka.

Sasa mtaelewa kwa nini niliamini haraka.

Chaki ilimharibu dada kifua, akaacha ualimu, akapata kazi kwenye maabara ya ubongo nyuma ya hospitali. Walitaka mtu wa hesabu asiyechoka kurudia kitu kimoja. Mkubwa wa pale ni daktari ambaye wote wanamwita Mkuu, naye ana sauti laini, ile ya mtu anayekuvua saa mkononi huku anakuuliza habari za watoto. Dada alipanda cheo upesi. Baada ya miaka miwili kila namba iliyotoka mle ilipitia mezani kwake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Walikuwa na tumbili wanne, na kila mmoja alipandikizwa kisogoni kibati kidogo chenye waya tisini na sita, nyembamba kuliko unywele. Tumbili anakaa mbele ya skrini, anaonyeshwa picha, na seli za ubongo wake zinagonga, kila moja kwa kadiri yake, na waya zinahesabu kugonga huko. Hapo anaingia dada.

Nilimwambia simwelewi. Akaenda jikoni akarudi na vizibo vya chupa na uzi wa kushonea, akanikalisha mezani.

"Chukua seli mbili tu," akasema. "Ya kwanza tunaihesabu kwenda kulia. Ya pili tunaihesabu kwenda mbele. Imeonyeshwa sura ya mtu: ya kwanza imegonga mara tatu, ya pili mara saba. Haya, hatua tatu kulia, saba mbele. Weka kizibo."

Nikaweka. Akanisomea nyingine, na nyingine. Sura, sura, kijiko, kiatu, sura, birika. Baada ya vizibo thelathini akanishika mkono akaupitisha juu ya meza. Vilikuwa mafungu mawili. Akalaza uzi katikati.

"Huu uzi ndio kazi yangu," akasema. "Picha mpya ikija, mimi sitazami picha. Natazama kizibo kimeangukia upande gani wa uzi. Upande huu, tumbili ameona sura. Upande ule, ameona kitu."

"Na zile seli zikiwa tisini na sita?"

"Basi kuna njia tisini na sita za kuhesabia, si mbili. Meza haitoshi. Lakini hesabu haina habari na meza."

Uzi wake ulikuwa unapatia mara tisini na tatu katika mia. Mkuu aliposikia namba hiyo akawa hakamatiki. Akaanza kuzungumza na wafadhili, na magazeti, na mawaziri. Maneno yake yalikuwa rahisi hata mimi niliyaelewa: ikiwa tunajua seli zinasemaje mtu anapoona sura, basi tunaweza kuzisemesha. Kamera ndogo kwenye miwani, waya kisogoni, na asiyeona ataambiwa na ubongo wake mwenyewe kwamba hapa kuna mtu na hapa kuna kitu. Hakuahidi rangi wala kusoma gazeti. Aliahidi hilo tu, na mimi nilikuwa sitaki zaidi ya hilo.

Dada aliandika jina langu liwe la kwanza kwenye orodha, kwa mkono wake. Wa pili alikuwa mama mmoja mshonaji, mstaafu, aliyepofuka kama mimi. Tulikutana kwenye benchi la vipimo, tukapeana namba za simu. Yeye aliniita Namba Moja, mimi nikimwita mama Namba Mbili, na kila Jumapili tulikuwa tunataniana nani atamwona mwenzake kwanza. "Ukitoka salama unipigie, mwanangu," alikuwa akisema, "ukitoka vibaya usinipigie, nisije nikaogopa bure." Tulicheka sana kwa hayo.

Jumamosi moja, siku tisa kabla ya upasuaji wangu, nilikaa na dada verandani. Asubuhi, jua linaanza kushika. Yeye anamenya viazi anavitupia kwenye sufuria ya maji, mimi sifanyi kitu. Alikuwa na furaha, jambo la nadra, na akawa anajisifu, jambo la nadra zaidi.

"Unajua kilichotusaidia ni nini?" akasema. "Utaratibu. Zamani walikuwa wanachanganya picha ovyo. Kubadilisha mafaili katikati kunakula dakika kumi, mashine inasimama, tumbili anahangaika, kazi inalala. Nilipokabidhiwa ratiba mimi nikasema hapana. Sura zote asubuhi, saa mbili mpaka saa nne. Halafu tumbili wanakula matunda, sisi tunakunywa chai. Vitu vyote baada ya chai, mpaka saa saba. Tunaokoa saa nzima kila siku. Mkuu alinipongeza mbele ya watu."

Mimi nikamtania. Wallahi nilikuwa namtania tu.

"Basi hata mimi naiweza kazi yako," nikasema. "Niambie tu ni saa ngapi. Asubuhi nakwambia sura, mchana nakwambia kijiko. Napata mia kwa mia, na macho sina."

Nikacheka peke yangu. Kisu kilikuwa kimenyamaza.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Ulichosema. Kirudie polepole."

Nikarudia, sasa bila kicheko. Nikasikia kiazi kinaanguka majini, kisha viatu vyake, kisha geti. Aliniacha na sufuria ya viazi nusu vimemenywa, Jumamosi, siku ambayo maabara imefungwa. Alirudi saa tisa. Nikamuuliza kulikoni, akasema, "Nilikuwa nasoma madaftari yetu." Nikamuuliza yanasemaje. Akasema, "Sijui bado. Kula." Hakusema neno jingine la maana mpaka Jumatano.

Jumatano alirudi mapema akavuta kiti mbele yangu. Aliongea kwa ile sauti yake ya darasani, na sauti hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

"Seli hazigongi sawasawa siku nzima," akasema. "Asubuhi tumbili ana njaa, ana hamu, amekaa macho. Mchana ameshiba, anasinzia. Na waya zenyewe zinasogea, unywele kwa unywele, kadiri saa zinavyokwenda. Kwa hiyo namba zote zinateleza taratibu, hata kama hakuna anachokiona. Vizibo vyote vinasogea pamoja. Unanifuata?"

"Nakufuata."

"Miezi saba. Kila siku, kwa kila tumbili, sura zimetangulia. Hakuna siku hata moja kijiko kilitangulia. Nimetafuta kwenye madaftari yote, hakuna."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ule uzi wangu inawezekana ulikuwa hautenganishi sura na vitu. Ulikuwa unatenganisha asubuhi na mchana."

Nikamwambia kusema inawezekana si kusema ni lazima. Nilisema haraka, kama mtu anayezuia mlango.

"Nimepima," akasema. "Siku tatu. Tumbili wa kwanza, ratiba ileile, mashine ileile, matunda yaleyale. Lakini skrini nimeizima na juu yake nimetundika kitambaa cheusi. Kisha nikaiuliza kompyuta: anaona nini? Asubuhi ikasema anaona sura. Mchana ikasema anaona vitu. Themanini na tisa katika mia. Tumbili anatazama kitambaa, na kompyuta inaniambia ameona sura."

"Endelea," nikasema.

"Tumbili wa pili nikamchanganyia. Sura, kiatu, kijiko, sura, hakuna mpangilio. Uzi ukapata hamsini na mbili. Ungerusha sarafu ungepata hamsini."

"Na mimi? Zile waya zangu?"

"Wangekufungua fuvu," dada yangu akasema, "wakupandikizie saa."

Hapo ndipo nilipomfikia yule mtu wa tatu niliyewaambia, yaani mimi. Kwa sababu mtu mwenye akili zake angesema asante. Mimi nilisimama nikapiga meza, vikombe vikaenda chini.

"Nyamaza basi!" nikang'aka. "Siku tano zimebaki! Nyamaza siku tano tu, hesabu zako utazipeleka baadaye!"

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki? Huenda zikafanya kazi hivyohivyo! Unajuaje? Wewe ni mwalimu tu wa sekondari!"

"Najua nilichopima."

"Unanionea wivu. Unataka nibaki hivihivi, uniongoze kama mbuzi mpaka nife, watu wakusifu dada mwenye huruma. Tangu utotoni wewe kazi yako ni kutupa sifuri. Sasa umenipa na mimi ya kwangu."

Nilisema na mengine ambayo siyarudii. Alingoja. Hajawahi kunikatiza nikiwa na hasira, anahesabu tu mpaka niishiwe.

"Umemaliza?" akauliza. "Utaratibu niliupanga mimi. Si Mkuu, si mashine. Mimi. Miezi saba nimekula sifa kwa kosa langu mwenyewe, na jina lako nililiandika mimi. Nikinyamaza sasa, sitakuwa nimekosea tena. Nitakuwa nimekuua makusudi."

Akachukua ufagio akaanza kuzoa vikombe vilivyovunjika. Alikuwa anafagia palepale, palepale, pasipo na kitu. Nilimsikia na sikumwambia aache. Nilitaka aumie. Mpaka leo nikikumbuka ule ufagio naona aibu, na nikiona aibu hasira zinanirudia, na ndiyo maana nasema wapo watatu.

Alhamisi akamwendea Mkuu na karatasi zake. Aliniletea maneno ya yule bwana neno kwa neno, maana dada hajui kutia chumvi.

"Mwalimu," Mkuu alimwambia, "hili ni jambo dogo la kitaalamu. Tutaliweka kwenye maelezo ya chini."

"Maelezo ya chini ya nini? Ya fuvu la mtu?"

"Awamu ya pili tutachanganya picha. Nakuahidi. Lakini Jumatatu wageni wanafika, waandishi wamealikwa, chumba cha upasuaji kimeshatengwa. Huwezi kusimamisha kitu kikubwa namna hii kwa sababu ya kitambaa cheusi."

"Kitambaa ndicho kilichoona sura, Daktari."

Akamwambia amechoka, apumzike wiki mbili. Akamnyang'anya funguo mlangoni, mbele ya mlishaji wa wanyama. Dada akatoka na mkoba wake akaenda moja kwa moja kupeleka barua kwenye kamati ya maadili. Karani akampokelea vizuri sana, akampigia mhuri, akamwambia kamati inakaa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi! Mimi nafunguliwa kichwa Jumatatu na kamati inakaa mwisho wa mwezi. Ijumaa asubuhi akarudi tena kutafuta mtu wa kumsikiliza, mlango kwa mlango.

Ijumaa hiyohiyo, dada hayupo, Mkuu akaja nyumbani.

Nilisikia gari, kisha manukato, kisha ile sauti. "Kaka yangu! Usisimame, usisimame." Akakaa bila kukaribishwa. Akanipa pole ya dada yangu. Akasema ni mfanyakazi hodari, lakini kichwa kimemwelemea, na wanawake wa namna ile wakichoka wanaona makosa hata pasipo na makosa. Akasema yeye ananifikiria mimi, haki yangu, ndoto yangu. Nikasikia karatasi ya kukubali upasuaji inawekwa mezani, na kalamu ikaingizwa kati ya vidole vyangu, naye akakishika kidole changu akakiweka kwenye mstari.

"Hapa tu," akasema.

Nitasema kweli kwa kuwa hakuna faida ya kudanganya. Nilitaka kusaini. Mkono ulikuwa tayari. Nilijiambia huenda dada kakosea, huenda kwa binadamu ni tofauti, huenda hata saa ni bora kuliko giza. Nilimchukia dada kwa kuniambia, na nilimchukia huyu kwa kunukia vizuri.

"Daktari," nikasema, "ile skrini ilikuwa imezimwa au haikuzimwa?"

"Hayo ni mambo ya hesabu, kaka. Yasikusumbue."

Bora angenitukana.

"Mimi nimechomelea mageti miaka kumi na tisa," nikamwambia. "Mteja akiniuliza kiungo kimeshika, simwambii hayo ni mambo ya kuchomelea. Nachukua nyundo napiga mbele yake. Sasa nakuuliza tena. Imezimwa au haikuzimwa?"

"Ilizimwa, lakini..."

"Na kompyuta ikaona sura?"

 Nikahesabu kama dada, moja mpaka kumi na nne. Kisha sauti ikabadilika, mafuta yote yakaisha.

"Usiposaini wewe, nafasi haitapotea," akasema. "Namba mbili nimempigia jana jioni. Amekubali. Amefurahi mno, masikini. Yeye haulizi maswali ya skrini."

Nikasimama. Kalamu nikaitupa sijui wapi. Nikamwambia atoke, na alipojitia kunieleza zaidi nikamwambia atoke kwa lugha ambayo mafundi wa chuma huitumia nondo inapowaangukia mguuni. Jirani alitoka nje kutazama. Gari lilipowashwa bado nilikuwa natukana, na nilipoishiwa na pumzi nikashika ukuta.

Dada alirudi saa saba, mikono mitupu, miguu inaburuza. Nikamweleza yote. Nilitegemea atanisifu kidogo kwa kutosaini. Hakuwa na habari na hilo.

"Nipe simu," akasema. "Nimpigie huyo mama."

"Wewe hujui kubembeleza. Utamsomea asilimia."

"Sasa nani atampigia?"

Nikaichukua simu mwenyewe. Ilikuwa inaita, na mimi natamani isipokelewe. Ikapokelewa.

"Namba Moja mwanangu!" Alikuwa anacheka. "Umenipisha njia? Au umeogopa sindano, fundi mzima?"

Nikamwambia mama, kaa chini. Nikaanza vibaya, nikaanza na mwisho, nikasema usiende Jumatatu. Akalipuka. Akasema mimi ni mwoga, na kwa kuwa nimeogopa nataka na yeye abaki gizani ili tufanane. Akasema dada yangu amegombana na mkubwa wake kazini na sasa anatumia vipofu kulipiza kisasi. Akasema ana wivu, tuna wivu, ukoo mzima una wivu. Nilimwacha amwage yote. Nilikuwa nayajua maneno yale moja baada ya jingine, kwa kuwa Jumatano niliyasema mimi.

"Kwani ungenyamaza," akasema mwisho, sauti imemkauka, "ungepungukiwa na nini?"

Hilo nalo nililijua. 

"Mama," nikasema, "nipe dakika kumi nikueleze. Ukiona nadanganya, uende."

Nikamweleza. Sikuwa na vizibo vya kumshikisha, nikamwambia afikirie meza yake ya kukatia nguo, vifungo vyeupe kushoto na vyeusi kulia, na mstari wa chaki katikati. Nikamweleza habari za sura asubuhi na vitu baada ya chai. Nikakosea mahali, dada akaninong'oneza namba, nikamwambia aache. Nikafika kwenye skrini. 

"Ilizimwa kabisa?" akauliza.

"Kabisa."

"Na juu yake kitambaa cheusi. Kitambaa kizito au chepesi?"

Nikamuuliza dada. "Kizito," dada akasema. "Cha mapazia. Nilikikunja mara mbili."

"Kizito, mama. Kimekunjwa mara mbili."

"Na mashine ikasema kuna sura ya mtu."

"Ikasema."

 Nilimngoja. Alipoongea tena sauti ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine kabisa.

"Nimeshanyoa nywele," akasema. "Waliniambia zitanyolewa hukohuko hospitali. Nikaona niende nimejiandaa. Nimenyoa leo asubuhi, zote."

Nikajipapasa nywele zangu.

"Basi sitakwenda," akasema, na simu ikakatika.

Dada alikuwa amesimama karibu yangu. Akaniuliza amesemaje, nami nikamwambia hatakwenda, na nikamwambia na habari ya nywele. Nilimsikia anapapasa kutafuta kiti, yeye mwenye macho yake, asikipate, akakaa sakafuni palepale penye vigae vya baridi, akaanza kulia kwa sauti. Tangu tuzike mama sikuwahi kumsikia. Nilikuwa bado nimemkasirikia, nilikuwa nimewakasirikia wote, lakini nikashuka chini nikamtafuta kwa mkono mpaka nikampata begani, na nikakaa naye.